Mchungaji, Bohari na Katalogi: Egerton Ryerson na Maktaba za Umma za Kanada ya Juu

Mnamo tarehe 6 Juni 2021 umati wa waandamanaji mjini Toronto uliiangusha sanamu ya Mchungaji Egerton Ryerson wa Kanisa la Methodisti, iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1889 katika uwanja wa chuo alichokiasisi cha kuwafunza walimu. Mwezi Aprili mwaka uliofuata, chuo kikuu kilichokuwa kikiitwa kwa jina lake kilijivua jina hilo na kuitwa Toronto Metropolitan University. Mwishoni mwa Mei 2021 nchi nzima ya Kanada ilikuwa imepata habari za yaliyodhaniwa kuwa makaburi ya watoto, yasiyo na alama yoyote, penye shule ya zamani ya bweni huko Kamloops, na hasira ikatafuta chimbuko la shule hizo. Ikalipata, pamoja na kwingineko, katika waraka mfupi ambao Ryerson aliuandika mwaka 1847 kuhusu elimu ya watoto wa wenyeji wa asili.

Mijadala iliyofuata ilimpasua mtu huyu vipande viwili. Kwa upande mmoja yuko mwasisi wa shule za bure na maktaba za umma, na kwa upande wa pili mshauri wa shule zilizowatenga watoto na lugha za wazazi wao. Watetezi wake walikishika kipande cha kwanza, washtaki wake wakakishika cha pili, na kila upande ukawa na ushahidi wa kutosha. Makala haya yanashikilia kuwa mpasuko huo haumsaidii mhakiki wa fasihi. Ryerson wa maktaba na Ryerson wa waraka ni mtu mmoja, aliyetumia kipimo kimoja kuamua ni kitabu gani kimfae nani. Kipimo hicho kinaonekana wazi zaidi katika andiko ambalo wahakiki hawana mazoea ya kulisoma kama uhakiki, yaani katalogi ya vitabu vilivyoruhusiwa kununuliwa kwa pesa za umma.

Adolphus Egerton Ryerson alizaliwa tarehe 24 Machi 1803 katika kata ya Charlotteville, karibu na ufuo wa kaskazini wa Ziwa Erie, katika koloni la Uingereza lililoitwa Kanada ya Juu, ambalo leo ni sehemu ya kusini ya jimbo la Ontario. Babake, Joseph Ryerson, alikuwa amepigana upande wa Mfalme katika vita vya uhuru wa Marekani, na vita vilipokwisha akawa miongoni mwa maelfu ya watiifu waliohama. Alikuwa Mwanglikana, afisa wa kijeshi na mtu wa kuheshimu mamlaka. Uamsho wa Kimethodisti ulipoenea vijijini haukuibagua nyumba yake, na hatimaye wanawe watano wakawa wahubiri wa dhehebu hilo. Egerton alipojiunga nalo akiwa na umri wa miaka 18, babake alimtaka achague kati ya Wamethodisti na nyumba. Aliiacha nyumba, akawa mwalimu msaidizi katika shule ya wilaya, hadi babake alipomwita tena shambani.

Yafaa kuangalia alichokisoma kijana huyo katika miaka hiyo. Katika kumbukumbu zake, zilizohaririwa na msaidizi wake wa siku nyingi J. George Hodgins na kuchapishwa mwaka 1883, anataja insha ya Locke juu ya ufahamu wa binadamu, falsafa ya maadili na siasa ya Paley, na ufafanuzi wa sheria za Uingereza wa Blackstone. Hiyo ni orodha ya mtu anayesoma ili awe na silaha, na vita havikukawia. Pasaka ya mwaka 1825 aliingia katika kazi ya uhubiri. Mwaka uo huo John Strachan, kiongozi wa Waanglikana mjini York, mji ambao baadaye uliitwa Toronto, alitoa mahubiri yaliyochapishwa mwaka 1826, akidai kwamba kanisa lake ndilo lililostahili kuungwa mkono na dola. Aliwaeleza wahubiri wa Kimethodisti kuwa watu wasiosoma, walioziacha kazi zao za halali na kueneza siasa za Kimarekani. Ryerson, akiwa na umri wa miaka 23, alimjibu katika gazeti la William Lyon Mackenzie, *Colonial Advocate*, bila ya kutaja jina lake. Locke, Paley na Blackstone waliingia vitani pamoja naye.

Kati ya mashtaka ya Strachan, lililomchoma zaidi lilikuwa lile la ujinga. Si vigumu kuona kuwa sehemu kubwa ya kazi aliyoifanya kwa miaka hamsini iliyofuata ilikuwa jibu kwa shtaka hilo moja. Tena jibu lenyewe lilikuwa tayari limo katika mila ya dhehebu lake. Tangu siku za John Wesley, mhubiri msafiri wa Kimethodisti alikuwa pia mchuuzi wa vitabu. Wamethodisti wa Marekani walianzisha idara yao ya vitabu mwaka 1789. Mhubiri alibeba vitabu hivyo katika mifuko ya tandiko la farasi wake, akaviuza alikohubiri, na faida ikawasaidia wahubiri wazee na wajane. Mpango huo ulikuwa na sura mbili. Ulimfikishia mkulima wa msituni kitabu ambacho hakuna muuza vitabu ambaye angejisumbua kumpelekea. Papo hapo ulihakikisha kwamba kitabu kilichofika kilikuwa kimekwisha kuchujwa na wakubwa wa kanisa. Mkulima hakuona mchujo. Aliona farasi na mfuko. Bohari ya serikali ambayo Ryerson alikuja kuiunda ni mfuko huo wa tandiko uliopanuliwa ukaenea jimbo zima.

Mwaka 1826 alitumwa kwa Waojibwa wa jamii ya Mississauga waliokaa kando ya mto Credit. Alijifunza lugha yao, akafanya kazi za mikono pamoja nao, na akapewa jina la Kiojibwa. Hapo ulizaliwa urafiki wake na Peter Jones, au Kahkewaquonaby, mwana wa mama Mmississauga na baba mpima ardhi wa asili ya Wales. Jones alikuwa mhubiri mwenye kipaji na mfasiri wa Maandiko na nyimbo za dini katika Kiojibwa. Ilhali jina la Ryerson leo hutajwa sana pamoja na kufutwa kwa lugha za wenyeji, haifai kusahauliwa kuwa alianza utumishi wake kama mwanafunzi wa mojawapo ya lugha hizo. Jambo hili halimwondolei lawama. Kwa kweli linaiongeza, maana hawezi kutetewa kuwa hakujua alichokuwa akikiweka kando.

Novemba 1829 Wamethodisti wa koloni walianzisha gazeti lao, *Christian Guardian*, na Ryerson akawa mhariri wake wa kwanza. Pamoja na gazeti hilo ilianzishwa idara ya vitabu ya kanisa, ambayo ilikuja kuwa mojawapo ya nyumba kubwa za uchapishaji nchini Kanada na ambayo tangu mwaka 1919 iliitwa Ryerson Press. Yaliyofuata yanaweza kupitwa upesi: kuvunjika kwa uhusiano wake na Mackenzie mwaka 1833, uasi wa mwaka 1837 ambao hakuuunga mkono, ukuu wa chuo cha Victoria huko Cobourg kuanzia miaka ya mwanzo ya 1840, na barua alizoandika mwaka 1844 kumtetea Gavana Sir Charles Metcalfe dhidi ya wanasiasa wa mageuzi. Mwaka uo huo wa 1844 aliteuliwa kuwa msimamizi wa elimu wa Kanada Magharibi, jina jipya la Kanada ya Juu tangu muungano wa 1841. Wapinzani wake walisema cheo hicho kilikuwa ujira wa barua zile. Yamkini walikuwa na haki ya kushuku. Lakini alikishika cheo hicho hadi mwaka 1876, na magavana na serikali nyingi zilikuja zikaondoka akiwa bado kitini.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kusafiri Ulaya na kaskazini ya Marekani kuchunguza shule. Ripoti yake ya mwaka 1846 ilichota mengi kutoka Prusia, Ayalandi na Massachusetts, alikokuwa Horace Mann. Hata hivyo, kuhusu maktaba, mfano uliomfundisha zaidi ulikuwa wa New York, na ulimfundisha kwa makosa yake. Katika miaka ya 1830 jimbo hilo lilikuwa limewapa wadhamini wa shule za vijijini idhini na pesa za kununua vitabu vya maktaba. Wachuuzi wa vitabu waliposikia harufu ya pesa za umma walimiminika vijijini, wakawauzia wadhamini vitabu hafifu kwa bei ghali. Kwa macho ya Ryerson, hilo lilithibitisha kuwa haikutosha serikali kutoa pesa na kumwachia mwanakijiji achague. Ilibidi mtu asimame kati ya pesa na kitabu.

Sheria ya shule ya mwaka 1850 ilimpa nafasi ya kusimama hapo. Iliruhusu ruzuku ya serikali kwa ajili ya maktaba, na ikalikabidhi Baraza la Elimu, ambamo walikuwamo viongozi wa madhehebu mbalimbali, jukumu la kuidhinisha vitabu. Katika safari yake ya Uingereza ya mwaka 1850 hadi 1851 Ryerson alipatana na wachapishaji wamuuzie vitabu kwa bei iliyopunguzwa, na akafanya vivyo hivyo na wa Marekani. Mapema mwaka 1853 alizunguka wilaya baada ya wilaya akiitisha mikutano ya hadhara kuuliza maktaba ziwekwe katika kila shule au katika kila kata. Mwaka huo kanuni zikatolewa na vitabu vikaanza kusafirishwa. Halmashauri ya kata au wadhamini wa shule walichanga pesa na kuzituma Toronto pamoja na orodha ya vitabu vilivyochaguliwa kutoka katika katalogi. Idara ikaongeza ruzuku, ambayo punde ilikuja kuwa sawa na mchango wenyewe, kisha kasha la vitabu likapelekwa kijijini. Ijapokuwa ziliitwa maktaba za shule, zilikuwa wazi kwa wakazi wote, watu wazima kwa watoto. Lord Elgin, Gavana Mkuu wa wakati huo, alizisifu kuwa taji la taasisi zote za koloni, na Ryerson hakuona haya kuitangaza sifa hiyo.

Ukubwa wa tendo hili haufai kupuuzwa. Kabla ya hapo, maktaba katika Kanada ya Juu zilikuwa za wanachama waliolipa ada, au za taasisi za mafundi zilizopatikana mijini kama vile York tangu mwaka 1830. Mkulima aliyekaa mwendo wa siku mbili kutoka mjini hakuwa na maktaba. Ryerson alimpa, tena si kwa njia ya sadaka, bali kama haki iliyotokana na kodi yake. Lorne Bruce, katika utafiti wake wa vuguvugu la maktaba za Ontario uliochapishwa mwaka 1994, anauanza mkondo huo mwaka 1850, na kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Lakini alimpa nini? Hapa ndipo katalogi inapohitaji kusomwa kwa makini. Iliyojaa zaidi ni ile ya mwaka 1857, na hata jina lake la Kiingereza linadai kuwa na vitabu vya kila tawi la maandishi. Mafungu yake yanaeleza mengi yakisomwa kwa mfululizo: historia, elimu ya wanyama, elimu ya mimea, sayansi ya maumbile, jiolojia, ufundi na viwanda, kemia, kemia ya kilimo, kilimo cha vitendo, fasihi, safari za mbali, wasifu, hadithi na taswira za maisha ya vitendo, na maktaba ya mwalimu. Fasihi imepewa kiti kimoja katikati ya karamu ya kemia na mbolea. Neno riwaya halina fungu. Kanuni za Baraza zilikataza vitabu vyenye kuelekea ufisadi wa maadili, vitabu vya kuupinga Ukristo, na vitabu vya mabishano ya madhehebu, na riwaya za kawaida hazikuhesabiwa kuwa kitu cha kununuliwa kwa pesa za umma.

Kukataza mabishano ya madhehebu kulikuwa busara ya kisiasa, kwani Baraza lenye Waanglikana, Wakatoliki, Wapresibiteri na Wamethodisti lisingedumu wiki moja bila hilo. Kukataza riwaya ni suala jingine. Ni hukumu ya kihakiki iliyotolewa bila ya mhakiki kutia sahihi. Msingi wake ni dhana ya maarifa yenye manufaa, iliyotawala fikra za waelimishaji wengi wa karne ya 19: kitabu chema ni kile ambacho msomaji, akikifunga, anaweza kufanya kitu ambacho hakuweza kukifanya kabla ya kukifungua. Kwa kipimo hiki, kitabu cha kutia mifereji shambani kinaishinda riwaya bila ya ubishi. Bruce Curtis, aliyeandika mwaka 1986 kuhusu maktaba hizi za kata, na kabla na baada yake kuhusu dola na elimu kwa jumla, anaziona kama sehemu ya juhudi za dola za kumuumba raia anayejitawala mwenyewe kwa niaba ya dola. Hoja hiyo ina nguvu, ila huwa na mwelekeo wa kumchukulia msomaji kama udongo wa mfinyanzi. Katalogi yenyewe inaonyesha kuwa udongo huo ulikuwa na matakwa yake.

Ushahidi uko katika lile fungu lenye jina refu, hadithi na taswira za maisha ya vitendo. Jina hilo ni kazi ya sanaa ya kiutawala. Hadithi inaingia mradi iwe imevaa nguo za kazi. Na kwa hesabu za idara yenyewe, fungu hilo ndilo lililokuja kuongoza kwa vitabu vilivyoagizwa, likiipita historia na kuiacha kemia ya kilimo mbali kabisa. (Hapa mwanafunzi wa riwaya ana haki ya kutabasamu.) Wadhamini wa vijijini, wengi wao wakiwa wakulima waliopima kila senti, walipewa katalogi iliyotungwa ili iwaelekeze kwenye mbolea na madini, nao wakatafuta humo mlango uliokuwa wazi kidogo na kuupitia. Hawakuandika maandiko ya kupinga. Walijaza fomu za kuagiza. Fomu hizo ni mapokezi ya kifasihi, na mhakiki anayefuata nadharia za mapokezi angekuwa na mengi ya kuvuna humo.

Si kila mpinzani alikuwa mpenzi wa riwaya. Wauza vitabu wa Toronto na miji mingine walilalamika kwa miaka mingi kwamba serikali imegeuka kuwa duka lisilolipa kodi wala pango. Gazeti la *Globe* la George Brown, ambaye hakuwahi kumsamehe Ryerson kwa kumtetea Metcalfe, halikukosa mahali pa kumshambulia. Malalamiko ya wauza vitabu yalikuwa ya kibiashara, lakini chini yake kulikuwa na swali zito. Kama serikali ndiyo mnunuzi, mchujaji na msambazaji, je, biashara ya vitabu ya nchi changa itamea wapi? Na bila ya biashara ya vitabu, mwandishi wa nchi hiyo atachapishwa na nani? Vitabu vya bohari vilitoka zaidi Uingereza na Marekani. Ryerson alijibu kwa hesabu za bei na makasha yaliyofika vijijini ambako hakuna muuza vitabu aliyewahi kukanyaga. Kwa hesabu hizo alishinda, lakini swali lile hakuligusa.

Sasa waraka wa 1847. Uliandikwa tarehe 26 Mei mwaka huo kwa ombi la idara iliyosimamia mambo ya wenyeji wa asili, miaka sita kabla ya kasha la kwanza la vitabu kusafirishwa. Ryerson alipendekeza shule za bweni za kazi, ambamo vijana wangelelewa wawe wakulima na vibarua, chini ya usimamizi wa pamoja wa serikali na makanisa. Masomo aliyoyaorodhesha ni lugha ya Kiingereza, hesabu, jiografia, historia, elimu ya viumbe, kemia ya kilimo, mwandiko, uchoraji, uimbaji, utunzaji wa hesabu za biashara, na dini na maadili. Wakati wa kiangazi wanafunzi wangefanya kazi saa 8 hadi 12 kwa siku na kusoma saa 2 hadi 4. Alisisitiza kuwa bila ya dini mwenyeji hawezi kustaarabika wala kudumishwa katika ustaarabu.

Msomaji wa katalogi ya 1857 atavitambua vingi katika orodha hiyo. Kemia ya kilimo imo kote kuwili, kama imo historia na elimu ya viumbe. Ni kipimo kile kile cha manufaa, kimebebwa kutoka meza moja hadi nyingine. Tofauti iko katika kilichoachwa nje ya kipimo. Mkulima mzungu alikipokea kipimo hicho akiwa na nyumba yake, lugha yake, kura yake, na nafasi ya kuagiza hadithi badala ya mbolea. Mtoto wa Kiojibwa alipangiwa kukipokea mbali na nyumbani, katika lugha ya kigeni, bila ya yeyote kumpa fomu ya kuchagua. Katika orodha ya waraka hakuna hadithi, iwe ya Kiingereza au ya kwao. Lugha ambayo Ryerson alijifunza kando ya mto Credit, na ambayo rafiki yake Jones alikuwa ameigeuza kuwa lugha ya kitabu, haikutajwa kama chombo cha kufundishia.

Jones mwenyewe alitaka shule za bweni. Alizunguka Uingereza katikati ya miaka ya 1840 akizichangishia pesa, na shule ya Mount Elgin iliyofunguliwa mwaka 1851 ilitokana kwa sehemu na jitihada hizo. Lakini, kama anavyoonyesha Donald Smith katika wasifu wake wa mwaka 1987, Jones alitarajia shule ambazo hatimaye zingesimamiwa na wenyeji wenyewe na kuwatoa watu wa kuongoza jamii zao. Hakuipata shule hiyo. Alipougua mwaka 1856 Ryerson alimkaribisha nyumbani kwake Toronto ili atibiwe, na mwaka huo huo Jones akafariki. Urafiki huo ulikuwa wa kweli. Ndiyo sababu wanaodhani kuwa madhara hutendwa na wenye chuki peke yao wanaona ugumu wa kuueleza.

Ryerson hakuziendesha shule za bweni, na mfumo mkubwa wa shirikisho uliowachukua watoto zaidi ya 150,000 ulijengwa hasa baada ya yeye kufa. Hata hivyo, waraka wake ulichapishwa upya na serikali mwaka 1898, mfumo huo ulipokuwa ukipanuka, na watu waliouchapisha walijua walichokuwa wakikitafuta humo.

Maktaba zenyewe hazikuchukua muda mrefu kudhoofu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850 bohari ilizidi kusambaza vitabu vya zawadi kwa wanafunzi waliofaulu kuliko vitabu vya maktaba. Kitabu cha zawadi kilikuwa rahisi kusimamia: kikitolewa, kimetoka. Kitabu cha maktaba kilidai kabati, mtunzaji, daftari na mtu wa kukifuata kisiporudi. Halmashauri nyingi zilinunua kasha moja, zikaridhika, na hazikuagiza tena. Vitabu viliwekwa katika duka la kijiji au nyumbani kwa karani, vikasomwa hadi vikachakaa, au visisomwe kabisa. Kosa lilikuwa katika muundo, kwani sheria ilifikiria sana jinsi ya kuchagua kitabu na kidogo mno jinsi ya kumlipa anayekitunza. Wakati huo huo taasisi za mafundi, ambazo zilianza kupata ruzuku upya baada ya kuundwa kwa Ontario mwaka 1867, zilijaza rafu zao riwaya na hazikukosa wasomaji.

Mwaka 1876 Ryerson alistaafu, na nafasi yake ikachukuliwa na waziri, Adam Crooks. Mwaka 1881 bohari ikafungwa na wauza vitabu wakapata walichokuwa wakikililia kwa karibu miaka thelathini. Ryerson alifariki Toronto tarehe 19 Februari 1882. Mwaka huo huo bunge la Ontario lilipitisha Sheria ya Maktaba za Bure, iliyoziruhusu manispaa kutoza kodi ya maktaba kwa ridhaa ya wapiga kura. Msingi wake ulikuwa wazo lile lile la 1850, kwamba kitabu ni haki ya mlipa kodi. Kilichoondolewa ni katalogi. Chini ya sheria mpya, bodi ya kila mji ingechagua vitabu vyake na kuvinunua itakako.

Wapiga kura wa Toronto waliikubali kodi hiyo Januari 1883, baada ya kampeni ndefu ya diwani John Hallam, mfanyabiashara wa ngozi na sufu. Maktaba ya mji ilifunguliwa Machi 1884 katika jengo la taasisi ya mafundi, na vitabu vya taasisi hiyo, pamoja na riwaya zake zote, vikawa mali ya umma.